Shangazi Minza Alivyowavuta Watu wa Kisesa

Juzi niliingia duka la vitambaa kununua marekani ya kushonea magauni ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Muuzaji alipofungua jora juu ya meza, ile harufu ya pamba na wanga, yenye vumbi la kiwandani ndani yake, ikanipanda puani, na kabla sijataja mita ninazotaka nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mama, unajisikia vibaya?" akaniuliza. Nikamwambia sijambo, ni shangazi yangu tu. Hakunielewa, na sikumlaumu. Shangazi Minza tulimzika masika yaliyopita, akiwa ameshiba siku zake, na tangu hapo amekuwa akinijia kwa njia ndogondogo kama hizo.

Wenzangu wa umri wangu wanaikumbuka marekani ya zamani, ngumu ikiwa mpya na laini kama majivu baada ya kufuliwa mara mia. Wengine walishonea mashuka. Shangazi Minza, dada mdogo wa baba yangu, alijishonea suruali pana na koti lisilo na vifungo, lililofungwa kwa mkanda wa kahawia. Vazi hilo alirudi nalo kutoka mjini ndani ya sanduku la bati, siku Bibi alipovunjika mguu na kuhitaji mtu wa kumtunza. Mimi nilikuwa nikiishi na Bibi, Kiseke, kando ya ziwa. Kiseke ya leo ni nyumba imebanana na nyumba. Enzi hizo yalikuwa mashamba ya mihogo na pamba, na njia nyembamba ya ng'ombe ikishuka hadi ziwani kati ya mawe makubwa.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Shangazi alifanya kazi katika kiwanda cha nyavu, na kwamba fundi mmoja wa mashine aliyeletwa kutoka Japani, mzee mfupi asiyependa maneno, alikuwa akiwafundisha wafanyakazi karate kwenye bohari baada ya kazi. Wanawake walioanza walikuwa wawili au watatu. Aliyeendelea hadi mzee yule aliporudi kwao ni Shangazi peke yake. Lakini haya mtoto wa miaka tisa hakuambiwa. Enzi zetu mtoto hakuelezwa mambo. Aliyaokota yalipodondoka, akayaunga mwenyewe.

Na mambo mengi yaliyokuwa yakidondoka wakati huo yalihusu ngoma.

Baada ya mavuno ya pamba Wasukuma hucheza, na tangu zamani wachezaji wamegawanyika pande mbili, Wagalu na Wagika. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, na kila moja hupiga ngoma yake kana kwamba lingine halipo. Hakuna jaji mwenye karatasi. Kundi linaloshinda ni lile ambalo watu wamelikimbilia. Ndiyo sababu ilisemwa kwamba kila kundi lina mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu, na mtoto yeyote wa kwetu alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Kundi letu la Wagalu lilikuwa la parokia. Wachezaji wake walikuwa wameapa mbele ya altare kwamba wataacha dawa, watategemea jasho, na Katekista Sospeter, mwalimu wetu wa dini, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kiapo hicho. Tangu waape walikuwa hawajashinda hata mara moja. Wagika wa upande wa pili wa ghuba walikuwa na chatu. Nani atasimama kuangalia watu wanacheza na majembe, wakati upande wa pili kuna mwanamume amejiviringishia chatu shingoni?

Shangazi aliingia kwenye mstari wa wanawake kwa sababu alipenda kuwa na watu, lakini kucheza kulimshinda. Alikuwa mgumu. Wenzake waliyumba kama mtama kwenye upepo, yeye akasimama wima katikati yao kama nguzo ya simu. Mzee Lugembe, mpiga ngoma kubwa na kiongozi wa kundi, alimtania kila jioni.

"Minza! Hayo mabega umeazima kwa nani? Mrudishie mwenyewe, anayalilia!"

"Bado nayatumia, baba," Shangazi alijibu, na wote wakacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Sasa, asubuhi moja Bibi alinituma maji mapema kuliko kawaida. Jua lilikuwa halijatoka. Nilishuka na ndoo yangu, na nilipofika karibu na jiwe bapa ambalo wanawake huanikia dagaa, nikamwona Shangazi juu yake, amevaa lile vazi la marekani. Nikajificha nyuma ya jiwe jingine bila kujua kwa nini najificha.

Alikuwa amepiga magoti kuelekea ziwa. Akainama mpaka paji la uso likakaribia jiwe. Akasimama polepole, akatembea hatua ambazo sikuwahi kuziona, kisha ngumi moja ikaenda mbele na nyingine ikarudi kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayevuta kamba iliyofungwa mbali. Akafanya tena na tena. Halafu akatoa sauti, si neno, sauti tu, iliyotoka tumboni, na mnandi, wale ndege weusi wavua samaki, wote waliokuwa juu ya mawe wakaruka kwa pamoja.

Kule alikokuwa akielekea, ng'ambo ya ghuba, ndiko Wagika walikofanyia mazoezi yao.

Nilirudi nyumbani bila maji, nikamwambia Bibi kwamba kulikuwa na kiboko. Moyo wangu ulikuwa umeshamaliza kuunga vipande. Shangazi anavuta watu. Anawatoa Wagika ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, na dawa yake ameificha kwenye mkanda.

Ningeweza kunyamaza, lakini siku zile nilikuwa mtoto wa mbele katika mafundisho ya Komunyo, na nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda sukari. Jumatano Katekista Sospeter alipotuuliza amri ya kwanza inavunjwa vipi, mmoja akasema kwa kuabudu sanamu, mwingine akasema kwa kwenda kwa mganga. "Nani atanipa mfano?" akauliza. Nikanyoosha mkono mpaka nikanyanyuka kwenye benchi.

"Shangazi Minza anavuta watu kwa dawa, alfajiri, kwenye jiwe la dagaa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ndiyo maana hajui kucheza!" akapayuka msichana mmoja nyuma, na darasa zima likacheka. Katekista hakucheka. Alifunga kitabu chake taratibu, akasema tumalize kwa sala.

Jioni ile alikuja nyumbani. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wake umenyooshwa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vuta kigoda."

"Nimekuja kwa jambo zito."

"Hata jambo zito huketi. Keti."

Akaketi. Shangazi alikuwa akipepeta mtama, nami nilikuwa nachambua maharage na kuinamisha kichwa kana kwamba kila punje ina maandishi.

"Minza, wewe ni dada yetu," Katekista alianza. "Niambie kwa kinywa chako. Alfajiri huwa unafanya nini ziwani?"

"Mazoezi, mwalimu."

"Ya ngoma?"

"Ya mwili. Ni karate. Nilifundishwa kiwandani."

"Na kuinama? Umeonekana ukiinamia maji."

"Ninamwinamia mwalimu wangu."

"Yuko majini?"

"Yuko kwao, Japani."

Bibi akakohoa kuficha kicheko. "Sospeter, kwani ziwa letu siku hizi linafika Japani?"

"Mama, mimi sichezi. Watu hawa wameapa altareni. Wagika wakisikia, tutakuwa waongo mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu. Padre yuko Misungwi, anarudi Jumamosi. Mpaka hapo, Minza, usiingie kwenye mstari."

Shangazi aliweka ungo chini. "Nani aliyeniona?"

Macho ya Katekista yalinigusa kidogo tu, yakakimbia. Yalitosha. Shangazi akaniangalia, kisha akaokota ungo wake. "Sawa, mwalimu. Nitakaa."

Mtu wa mbali atadhani jambo lenyewe ni kukosa kucheza ngoma. Huku kwetu neno kama lile halibaki pale lilipotupwa; leo ni dawa, kesho ni uchawi. Kesho yake Shangazi alipokwenda ziwani, wanawake walisogeza ndoo zao. Hakuna aliyemtukana. Walizisogeza tu, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka ndoo yake ikabaki peke yake kwenye mchanga. Hakuwa na mume wala kaka wa karibu wa kusimama mbele yake, maana baba yangu alikuwa kazini mbali. Wapo wanawake niliowafahamu waliohama kijiji usiku mmoja kwa neno dogo kuliko lile, na hao ndio waliobahatika. Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilikuwa naelewa ndoo iliyosogezwa ina maana gani.

Ijumaa alfajiri mtu akanitikisa mguu.

"Limi. Amka. Chukua ndoo yako."

Nilimfuata na ndoo mkononi. Nilidhani atanizamisha ziwani, na nilijiona nastahili. Tulipofika kwenye jiwe bapa akasimama, miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea, mikono imening'inia.

"Haya, nisukume."

"Shangazi?"

"Nisukume kwa nguvu zako zote. Juzi si ulinisukuma bila hata kunigusa?"

Nikaanza kulia. Akasema machozi yasubiri, nisukume kwanza. Nikamsukuma. Ilikuwa kama kusukuma moja ya yale mawe. Nikarudi nyuma, nikamkimbilia, nikaanguka mimi. Akaninyanyua, akanipanga kama alivyokuwa amesimama yeye, akanisukuma kwa kidole kimoja nikayumba, akanipanga tena. Tulifanya hivyo mpaka jua likachomoza, na mara moja, mara moja tu, kidole chake kikanisukuma na nikabaki nimesimama. Nilisahau kwamba nilikuwa nalia.

Kisha akanifundisha ngumi. "Mkono mmoja unakwenda, mwenzake unarudi."

"Huu unaorudi unamvuta nani?"

Hapo ndipo alipoelewa nilichokuwa nimeona. Akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwisha ghafla. "Unanivuta mimi mwenyewe, Limi. Ukitupa mkono mbele na hukurudisha mwingine, unaanguka kifudifudi."

"Kwa nini hukumwambia Katekista hivyo?"

"Nilimwambia. Ulikuwepo." Akasimama, akapangusa suruali. "Haya, chota maji. Bibi yako anangoja uji, na leo usimwambie habari za kiboko."

Jumamosi Padre alirudi, nasi wa Komunyo tukapanga mstari kwa maungamo yetu ya kwanza. Nilikuwa nimekariri dhambi zangu ndogo tangu mwezi uliotangulia. Zote nikazisahau, nikasema ile moja. Padre akasogeza kichwa karibu.

"Ulisemea wapi?" akauliza.

"Darasani, Padre."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Basi Salamu Maria hazitatosha. Leo jioni kundi liko kwenye ghala la pamba. Nenda ukaseme pale."

"Watanicheka, Padre."

"Ndiyo," akasema. "Watakucheka."

Nimesali miaka mingi tangu siku ile, na nimesikia mahubiri mengi mazuri, lakini sijui kama nimewahi kupewa neno la kweli na la upole kuliko lile. Hakunidanganya kwamba itakuwa rahisi.

Ghalani ngoma ilikuwa inapigwa. Nilisimama mlangoni mpaka Mzee Lugembe aliponiona akanyamazisha ngozi kwa kiganja. "Mjukuu wangu, umetumwa?"

"Nimejituma." Nikapiga hatua moja ndani. "Shangazi Minza hana dawa. Nilisema uongo. Nilikuwa sijui kama ni uongo. Yale ni mazoezi ya karate, na mimi amenifundisha."

Katekista Sospeter alikuwepo, ameegemea marobota. Akaniuliza bila ukali, kama mwalimu anayetaka jibu hasa: "Umejuaje kwamba si dawa ya kuvuta watu?"

"Kwa sababu hata mimi nimevuta jana, tena sana, na hakuna mtu aliyekuja."

Ghala lililipuka. Mzee Lugembe alitupa fimbo zake za ngoma akashika tumbo. Walicheka wanawake waliosogeza ndoo, walicheka wazee, na mwisho nikamwona Katekista anafuta macho kwa kitambaa. Kicheko kile nilichokiogopa tangu asubuhi kilikuwa kinasafisha ghala lote kama maji.

"Mleteni Minza," akasema Mzee Lugembe, "atuonyeshe hiki kitu kisicho na faida."

Akaja na unga mikononi, kitenge kimefungwa kiunoni. Akakataa. Alisema yale si ya kuonyeshwa watu. Hata mwalimu wake alikuwa akifunga mlango wa bohari. Ndipo Katekista Sospeter alipotoka kwenye marobota, akasimama mbele yake.

"Dada yangu, mimi nilisikia, sikuangalia. Naomba sasa niangalie mwenyewe."

Shangazi akamwinamia. Katekista, asijue la kufanya, naye akainama. Kisha Shangazi akaanza.

Bila ziwa, bila mnandi, na kitenge kikimbana miguu, alipita katika hatua zile zote juu ya sakafu yenye mabaki ya pamba. Hakuna aliyecheka tena. Alikuwa akienda kwa kasi, kisha anasimama, amesimama kabisa, mpaka uzi wa pamba ukamtulia begani, kisha anakwenda tena. Na katika moja ya vituo vile nikasikia kidole cha Mzee Lugembe kikigusa ngozi ya ngoma. Taratibu. Akajaza pale Shangazi anapokwenda, akaacha wazi pale anaposimama. Shangazi alimsikia. Niliona kwenye mabega yake, yale mabega ya kuazima, kwamba amemsikia. Hatua ikawa nyepesi, goti likashuka zaidi, na kabla hawajafika mwisho kilichokuwa kinaendelea ghalani kilikuwa ngoma, ila hatukuwa tumewahi kuiona.

"Mpeni jembe," akasema Mzee Lugembe kwa sauti ndogo.

Kesho yake nilipokea Komunyo ya Kwanza, sikukuu ya Ekaristi, tukitupa maua njiani mbele ya maandamano, na Shangazi akiwa kwenye mstari wa wanawake. Wiki ile yote wachezaji walijifunza kusimama. Ilikuwa kazi. Watu waliozaliwa wakicheza walikuwa hawajui kuacha. Walipiga chafya, walicheka, majembe yaliwateleza. Shangazi aliwasukuma kwa kidole, mmoja mmoja, mwanamume na mwanamke.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kisesa kwa lori la pamba. Uwanja ulikuwa umejaa vumbi na filimbi. Wagika walikuwa wameshaanza, na chatu alikuwa shingoni kwa mtu wake, mnene kama paja. Watu wote walikuwa kule. Upande wetu walikuwepo mama wawili wanaonyonyesha, waliokuja kwa ajili ya kivuli, na Bibi aliyebebwa kwenye kiti.

Kundi letu likaingia. Majembe yalizunguka hewani kama kawaida, na hakuna aliyegeuka. Kisha Shangazi akapita katikati, na wote nyuma yake wakachukua hatua zake. Ngumi yenye jembe ikaenda, nyingine ikarudi. Akatoa ile sauti ya tumboni, na ngoma ikakatika. Wakasimama. Majembe yote juu, macho yote mbele, hata njuga za miguuni hazikulia.

Uwanja ule haukuwahi kusikia kimya. Watu wa mwisho kule kwa Wagika waligeuka wakidhani kuna aliyeanguka na kufa. Wakaja mbio. Waliowaona wanakimbia nao wakakimbia. Shangazi akangoja, akangoja mpaka wa mwisho wakafika, kisha akashuka na jembe, na ngoma kubwa ikashuka naye, na watu wakapiga kelele kama mvua inapoanguka kwenye bati. Alisimamisha uwanja mara tatu. Mara ya tatu nilimwona katikati ya watu mwanamume wa chatu, amesimama kwa vidole ili aone, chatu wake bado shingoni, hakuna anayemtazama.

Wapo hadi leo wanaosema tulishinda, na wapo wanaosema chatu alichoka. Mimi namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Ngoma ilipoisha watu walimtuza Shangazi kuku na vitenge. Akaja mama mmoja wa Wagika, akimvuta binti yake aliyekuwa amenizidi kichwa kizima. "Dada," akamwambia, "huyu wangu anapigana na kila mtu. Mfundishe hicho unachofanya."

Shangazi alikuwa akihema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Hakuwa ameniambia neno lolote la kunisamehe wiki ile yote, nami sikuthubutu kuliomba. Akaniangalia, akaniwekea mkono begani mbele ya wale watu wote, Wagalu na Wagika, na Katekista Sospeter akisikia.

"Aanze na huyu," akasema. "Ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza."

Binti yule akanitazama kutoka juu mpaka chini, miguu yangu yenye vumbi na gauni langu la Komunyo nililokataa kulivua wiki nzima.

"Haya," akasema, "tunaanzaje?"

Nilikuwa na mafunzo ya asubuhi moja tu. Nikamwambia kwanza asimame.